Jinsi Walimu Walivyokitengeneza Kiswahili cha Shule

Katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza habari za lugha tuisomayo katika vitabu vya shule, jinsi ilivyopatikana, na ni watu gani walioketi wakapatana juu yake. Habari hii yatuhusu sana sisi tukaao mlimani, na sababu yake mtaiona upesi mkitazama mahali tulipo.

Hapa Tarakea, katika Rombo, ndipo nchi yetu inapokwisha. Ukishuka kidogo umefika Illasit, na huko ni Kenya. Mpaka huo hawakuukata wazee wetu, wala hawakuulizwa habari zake. Waingereza na Wadachi waliupatana kwao Ulaya, tarehe 1 Novemba mwaka 1886. Wakavuta mstari tangu mahali mto wa Umba uingiapo baharini, ukapita ziwa la Jipe, ukauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, ukaenda hata Ziwa la Viktoria. (Wako wasemao ya kuwa malkia wa Waingereza alimpa mjukuu wake wa Kidachi mlima huu uwe zawadi. Ni hadithi tamu kusimulia jioni, lakini waliozichunguza hati za mapatano hawakuiona humo.)

Tangu siku hiyo watu wa huku na watu wa kule walitawaliwa na serikali mbili, wakawa na idara mbili za elimu, na wakaguzi wa shule wa namna mbili, na mitihani mbalimbali. Tena lugha za nyumbani si moja: huku twasema Kirombo, na kule Oloitokitok wenyeji wengi ni Wamaasai. Walakini mtoto wa Tarakea akiandika barua kwa Kiswahili, mtoto wa Oloitokitok ataisoma pasipo mkalimani, na maneno ameyaandika kwa herufi zile zile alizofundishwa mwenziwe. Jambo hili halikutokea lenyewe kama mvua. Lilifanywa na walimu, na watu waliokuwa wakisimamia kazi ya walimu, waliokutana na kubishana na kuandikiana barua kwa miaka mingi. Tena katika kufanywa kwake kulikuwa na upungufu mkubwa, nao hatutauficha.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1844 alifika Mombasa padre mmoja wa misioni ya Kiingereza, jina lake Johann Ludwig Krapf, naye alikuwa Mdachi. Mwaka ule ule akaanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwenziwe Rebmann ndiye aliyeuona mlima wetu tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba juu yake mna theluji, na wataalamu wa London wakamcheka. Krapf alipiga chapa kitabu cha sarufi mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Kiswahili alichokiandika kilikuwa Kimvita, yaani Kiswahili cha watu wa Mombasa, kwa kuwa ndicho alichokisikia.

Upande wa Unguja alifika Edward Steere mwaka 1864, naye alikuwa wa misioni nyingine, ile iliyoitwa ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa Kiunguja. Waalimu wake walikuwa watu wa mji wa Unguja, na vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakaletwa misioni, ambao wengine wao walijifunza kazi ya kupiga chapa.

Baadaye akaja Mombasa William Taylor, mwanafunzi hodari kupita wote kwa sikio, na aliyemfundisha mambo ya ndani ya lugha ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mshairi wa Mombasa. Huyu Mwalimu Sikujua ndiye aliyetafuta kwa watu mashairi ya Muyaka, akayakusanya yasipotee. Laiti si yeye, sehemu kubwa ya utungo wa Muyaka ingezikwa pamoja na wazee walioukariri. Majina ya Wazungu yameandikwa juu ya jalada za vitabu, na hayo twayajua sote. Bali ukiangalia ndani ya kila kitabu utamkuta mwalimu Mswahili ameketi, aliyeulizwa neno baada ya neno, siku baada ya siku, akajibu kwa saburi.

Basi hapo palizaliwa taabu. Misioni ya Mombasa iliwafundisha watoto kwa Kimvita, na misioni ya Unguja kwa Kiunguja, na kila upande ulipiga chapa vitabu vyake. Mvita husema ndia, na Muunguja husema njia. Huyu asema mato, yule macho. Huyu mtele, yule mchele. Huyu kuteka, yule kucheka. Kwa mswahili wa pwani hayo si neno, kwa maana husikilizana tangu zamani na hutaniana kwayo. Lakini mtoto wa bara, ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, akipewa vitabu viwili vya namna hiyo hudhani amepewa lugha mbili.

Na walimu wenyewe je? Wasikilizaji wengi hudhani kwamba mikutano ya walimu ni jambo lililoanza juzi. Sivyo. Mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani, Unguja, lilianzishwa gazeti dogo liitwalo Msimulizi. Chuo hicho kilikuwa cha kuwafundisha vijana Waafrika kazi ya ualimu na ya dini, nao wakimaliza walipelekwa mbali: Magila katika Usambara na Bonde, Masasi na Newala upande wa kusini, wengine hata Nyasa. Mtu aliyepelekwa huko alikuwa peke yake, hana mwenzake wa kumwuliza, na barua ilikwenda kwa miguu. Msimulizi lilichukua habari zao zote: shule ina watoto wangapi, nani ameoa, nani amefariki, njaa imeingia wapi, mchezo wa mpira umekwendaje Kiungani. Waandishi walikuwa walimu wenyewe na wanafunzi, kwa Kiswahili chao. Gazeti lile halikuishi miaka mingi, likakoma kabla ya mwaka 1900, lakini kwa fikira zetu hapo ndipo ualimu wa Kiafrika ulipoanza kuwa udugu wa watu wa kazi moja.

Zamani za Wadachi walimu wa shule ya serikali ya Tanga walikuwa na gazeti lao, Kiongozi, nalo liliandikiwa barua na walimu na makarani waliotawanyika katika maboma ya bara. Vita vya 1914 vikalimaliza.

Sasa tupande mlimani. Mapadre Wakatoliki walifika Kilema mnamo mwaka 1890, wakaingia na Rombo kabla ya mwaka 1900. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, na kabla ya Vita Kuu walikuwa na chuo cha ualimu Marangu. Wamisionari wa Kilutheri walipenda sana Kichaga. Johannes Raum alikiandikia kitabu cha sarufi mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi miaka mingi, hakutaka Kiswahili kiingie katika mambo ya kanisa na ya ukoo, akisema kwamba mtu akiachishwa lugha ya baba zake hukatwa kama mti ulioachishwa mizizi yake. Neno lake lina uzito, wala sisi hatulidharau. Tumewaona vijana wasiojua jina la mtani wa babu yao ila kwa kuulizia.

Walakini Kichaga ni kipi? Mtu wa Siha akisema na mtu wa Rombo, kila mmoja kwa Kichaga cha kwao, hawasikilizani vema. Kimashami kina maneno yake, na Kimochi yake, na Kivunjo yake, na Kirombo nacho hivyo hivyo. Walimu wa mlima mzima wakiitwa mahali pamoja, kila mmoja akasema kilugha cha bondeni kwake, mkutano utavunjika kabla ya chakula cha mchana. Tena shule zilipoanza kupata msaada wa fedha za serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927, shule zilizosaidiwa zilikaguliwa, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini. Basi mwalimu Mchaga alijikuta yu mwalimu wa lugha ya watu wengine, asiyoinyonya kwa mama yake, akiwafundisha watoto ambao nao hawakuinyonya.

Kazi hiyo ina upande mwepesi na upande mgumu. Mtoto asemaye nyumbani mndu na wandu hahitaji maneno mengi kuelewa mtu na watu. Mpango wa ngeli amekuja nao tumboni. Lakini ngoja afike penye dhahabu na thamani, au penye maneno mengine yaliyotoka Kiarabuni, ndipo mwalimu atakapotoka jasho. Kitabu cha Kizungu cha kufundishia Kiswahili hakikumsaidia mwalimu huyo, maana kiliandikwa kwa ajili ya bwana shauri aliyetoka Oxford. Mtu wa kumsaidia alikuwa mwalimu mwenziwe, aliyekwisha kupambana na ulimi ule ule wa mtoto wa Kichaga. Mwaka 1920 wamisionari Wadachi walipoondolewa nchini, walimu Wachaga ndio waliobaki na shule na makanisa mikononi mwao, na hapo ilionekana wazi kwamba waliweza kuifanya kazi kwa kushauriana wao kwa wao.

Hata ilipofika Oktoba mwaka 1925, palifanyika mkutano mkubwa wa elimu Dar es Salaam. Walikuwapo maofisa wa serikali na watu wa misioni, nao waliona ya kuwa haiwezekani kupiga chapa vitabu vya shule kwa ajili ya nchi hizi zote iwapo hata herufi hawajapatana. Kitabu kigharimucho fedha nyingi kwa watoto elfu chache, kingekuwa rahisi kikisomwa katika nchi nne. (Twalieleza neno hili la gharama makusudi. Watu wapenda kusikia kwamba lugha huunganishwa kwa mapenzi. Mara nyingi huunganishwa kwa hesabu ya karatasi na wino.) Tangu mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilikuwa imekwisha kutoa gazeti la Mambo Leo, lililosomwa hata vijijini, na huko Unguja katika miaka ile ile ya ishirini walimu wa serikali walianza kuwa na gazeti lao wenyewe, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Tazameni jina lenyewe: mazungumzo, wala si amri.

Juni mwaka 1928 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Mombasa, na Profesa Carl Meinhof, mjuzi wa lugha za Kibantu, alikuwapo. Shauri lilikuwa moja: Kiswahili kipi kiwe msingi wa vitabu? Watu wa misioni ya Mombasa walikitetea Kimvita, nao walikuwa na hoja. Kimvita kilikuwa na mashairi ya kale, kilikuwa na Muyaka, kilikuwa na utajiri wa maneno ya wanazuoni. Watu wa misioni ya Unguja walikitetea Kiunguja, nao walikuwa na hoja iliyo nzito kuliko mashairi: Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri. Misafara ya biashara ilikuwa imekichukua kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji na Kongo, na katika Tanganyika yote watu wa bara walijua Kiswahili cha namna hiyo. Kiunguja kikashinda. Wakafanya hivyo katika mji wa Mombasa kwenyewe, jambo ambalo wazee wa Mombasa hawakulisahau.

Ndipo tarehe 1 Januari 1930 ilipoanza Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Bwana Frederick Johnson, na ofisi ilikuwa Dar es Salaam.

Yafaa tueleze kazi ya Halmashauri hiyo kwa utaratibu wake, kwa kuwa watu wengi wamesikia jina tu. Kwanza, ilitaka tahajia iwe moja. Pili, ilitaka sarufi iwe moja, nayo haikutumia amri za polisi ila vitabu. Mtu akiandika kitabu cha shule, maandiko yake yalipelekwa kwa katibu. Katibu akayapeleka kwa wasomaji waliochaguliwa katika kila nchi. Nao wakaandika pembeni, hapa pamekosewa, hapa neno hili halijulikani kwetu, hapa afadhali useme hivi. Maandiko yakirudi yalikuwa yamejaa michoro kama daftari la mwanafunzi mvivu. Mwandishi akatengeneza, kisha kitabu kikithibitishwa kilitiwa maneno ya kuonyesha kwamba Kiswahili chake kimekubaliwa. Tatu, Halmashauri ilikuwa na wajibu wa kujibu maswali. Mtu yeyote mwenye shaka juu ya neno aliweza kuandika barua akauliza. Tena tangu mwaka 1930 ilitoa taarifa yake ya kupiga chapa, ambamo mambo ya lugha yalijadiliwa na watu waliokuwa mbali mbali wala hawakuonana uso kwa uso. Jarida hilo limebadilishwa jina mara kadha wa kadha, na mpaka leo latoka, kwa jina la Kiswahili.

Bwana Johnson alikuwa mtu wa bidii ya ajabu. Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili, na hii kwetu walimu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ndiyo kamusi ya kwanza iliyomweleza msomaji neno la Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe, pasipo kumpitisha Ulaya. Yeye alifariki mwaka 1937, na kamusi kubwa zaidi ya Kiswahili na Kiingereza, aliyoisimamia akijenga juu ya kazi ya Madan, ikatoka mwaka 1939, miaka miwili baada yake. Bado iko juu ya meza nyingi.

Sasa tuseme upungufu tuliouahidi. Katika meza ile ya mwaka 1930, ambapo Kiswahili kiliamuliwa, hapakuwa na Mswahili hata mmoja. Wajumbe walikuwa wakurugenzi wa elimu, na maofisa, na wamisionari. Waafrika waliulizwa nje ya mlango, kama Mwalimu Sikujua alivyoulizwa, lakini kiti hawakupewa ila katika miaka ya arobaini, baada ya mengi kuwa yamekwisha kuamuliwa. Mtu mwenye lugha yake akawa shahidi, na mgeni akawa hakimu.

Na matunda yake yalionekana. Tutoe mfano mmoja. Mtu wa Mombasa akisema paa wa porini, yule mnyama, hutoa pumzi katika herufi ya kwanza. Akisema paa la nyumba, hatoi. Kadhalika kaa wa pwani atembeaye upande, na kaa la moto: kwake ni maneno mawili yenye sauti mbili. Katika tahajia iliyokubaliwa tofauti hiyo haikuandikwa. Kwa sisi wa mlimani haikutuumiza, kwa maana hatukuisikia tangu mwanzo, na mwalimu alishukuru kupunguziwa alama. Lakini mzee wa Mombasa aliposoma kitabu cha mjukuu wake aliona kwamba sehemu ya ulimi wake imekatwa, na waliomkata hawakumwuliza. Watu wa pwani wakasema kwamba hicho ni Kiswahili cha Kizungu. Mtoto wao aliyeandika ndia kwa kuwa ndivyo mama yake asemavyo, alitiwa alama nyekundu na mwalimu aliyetoka bara, ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani. Sisi tuliojifunza lugha hii katika vitabu yatupasa kukumbuka hivyo tunapoishika kalamu nyekundu.

Wako wanaosema, kwa sababu hiyo, kwamba kazi yote ya Halmashauri ilikuwa hasara. Hapo hatukubaliani nao. Bila tahajia moja, mwalimu wa Rombo mwaka 1935 angefundisha kwa vitabu vya madhehebu yake, na mwalimu wa kijiji cha pili kwa vitabu vya madhehebu mengine, na watoto wangetengwa kwa herufi kama walivyotengwa kwa makanisa. Kosa halikuwa kukutana na kupatana. Kosa lilikuwa katika hesabu ya waliokaribishwa.

Halmashauri ilihama kama mfugaji. Mwaka 1942 ilikwenda Nairobi, mwaka 1952 Makerere katika Uganda, mwaka 1962 Mombasa, kisha ikarudi Dar es Salaam. Wakati huo Waafrika walikuwa wamekwisha kuingia, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Mwaka 1964 kazi yake ikawa ya Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ambacho mwaka 1970 kilitiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 2009 ikaunganishwa na idara ya Kiswahili ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliwekwa kwa sheria mwaka 1967.

Lakini kwa watu wa mpakani mwaka wa kukumbukwa ni 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilikuwa ikivunjika, na mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Ndugu walikaa ng'ambo mbili za njia moja. Mwalimu wa Tarakea aliweza kuviona vilima vya Kenya kutoka darasani, wala hakuweza kwenda huko kwa halali kuazima kitabu.

Na mwaka ule ule wa 1977 kilipigwa chapa kitabu kiitwacho Historia ya Kiswahili. Waandishi wake walikuwa wawili. Mmoja ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu wa bara kama sisi, aliyekuwa mwalimu katika ujana wake kabla ya kuingia kazi ya serikali na ya mahakama, na mmoja wa nguzo za chama cha washairi cha UKUTA. Wa pili ni Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, aliyekipenda Kimvita na kukitetea. Mnyampala alifariki mwaka 1969, Chiraghdin mwaka 1976. Hakuna hata mmoja aliyekiona kitabu chao kimetoka. Mwenye Kiswahili cha kuzaliwa na mwenye Kiswahili cha kujifunza waliandika pamoja, mmoja raia wa Kenya na mmoja raia wa Tanzania, na kazi yao ikatokea wakati njia kati ya nchi zao imewekwa kizuizi. Kile ambacho meza ya mwaka 1930 haikukifanya, walimu hawa wawili walikifanya bila halmashauri.

Mpaka ukiwa bado umefungwa, Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 1985 Kenya ilibadili mpango wa elimu, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari. Ghafula walimu wengi walitakiwa, na wengi wao hawakuwa wamekifundisha Kiswahili kamwe. Walihitaji vitabu, na kamusi hiyo ikavuka mpaka uliofunguliwa, kwa kuwa tahajia ilikuwa ile ile moja. Hakuna aliyelazimika kuifasiri.

Siku hizi ualimu wa Kiswahili umevuka bahari. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya na nchi za Asia, na walimu wa huko hujikuta katika hali ile ile ya mwalimu wa Masasi wa mwaka 1888: mtu mmoja katika chuo kizima, hana mwenzake wa kumwuliza. Mwaka 2012 walianzisha Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, nao hukutana kila mwaka, wakisomeana makala na kuonyeshana jinsi ya kumfundisha mgeni ngeli asizozinyonya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilitangaza mwezi wa Novemba 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe siku ya Kiswahili duniani. Tena nchi za Afrika Mashariki zimeweka Kamisheni ya Kiswahili, na makao yake ni Unguja.

Kazi haikupungua. Kitabu cha Kenya humfundisha mtoto kwamba asubuhi hula kiamshakinywa. Kitabu cha Tanzania humfundisha kifungua kinywa. Kule chombo cha kuhesabia na kuandikia chaitwa tarakilishi, na huku kompyuta. Maneno haya huzaliwa kila mwaka, kila upande ukiyatunga katika ofisi zake, na hukutana kwa mara ya kwanza siku ya soko huku Tarakea, vinywani mwa watoto. Nao wakija darasani hutuuliza ni lipi lililo sahihi. Twawaambia ya kuwa yote mawili ni Kiswahili. Kisha twawaandikia ubaoni lile litakalotakiwa katika mtihani wa upande huu, na lile la pili twaliandika chini yake.